Vugo Bila Kibali

Watu wengi waliokwenda Marekani wakati wangu walirudi na televisheni kubwa. Mimi nilirudi na televisheni na diploma. Diploma hiyo ni ya usaidizi wa mawakili. Niliipata kwa masomo ya jioni Dallas, huku mchana nikipakia masanduku kwenye ghala moja huko Mesquite, bila mjomba wala mfadhili wa kunishika mkono. Leo imetundikwa sebuleni kwangu Mombasa, mahali ambapo mgeni hawezi kumaliza kikombe cha chai bila kuiona. Wapo wanaosema najivuna. Ni kweli, najivuna. Mtu aliyesoma sheria ya kikatiba kwa Kiingereza cha Texas, mgongo ukimuuma na mikono ikinuka kadibodi, anastahili kujivuna kidogo.

Wakiniuliza diploma hiyo ilinifaa nini, huwa nawasimulia harusi ya binti wa dada yangu. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, Arlington, mji ulio baina ya Dallas na Fort Worth, ambako dada yangu mkubwa na mumewe walikuwa wakiishi kwenye fleti. Bwana harusi naye alikuwa kijana wa kwetu, na wazazi wake walikaa fleti nyingine si mbali. Mombasa ungeuita umbali wa kutembea huku unakula mahamri. Arlington watu waliuendea kwa gari, wakafunga mikanda.

Mama yetu alikuja kutoka Mombasa kwa ajili ya harusi hiyo, safari yake ya kwanza ya ndege. Alikubali mambo mengi ambayo sikutegemea angeyakubali. Alikubali ukumbi wa hoteli badala ya hema. Alikubali pilau ije kwenye treya za alumini. Alikubali hata keki ya ghorofa, ingawa aliizunguka kwa macho kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga. Jambo moja tu hakulikubali: harusi bila vugo.

Kwa asiyejua, vugo ni la wanawake. Wanashika pembe, wanazipiga kwa vijiti, wanaimba, na wanatembea mtaani toka kwa bibi harusi hadi kwa bwana harusi ili mji wote ujue binti ameolewa kwa heshima. "Bila vugo," mama alisema, "hiyo si harusi. Hiyo ni watu wamehamisha vyombo."

Alikuwa na sababu ya kulitaka kuliko mama mwingine yeyote. Harusi ya dada yangu, miaka mingi nyuma, vugo lake lilivunjwa na polisi. Siku hizo kwetu mkusanyiko wowote ulitaka kibali, na D.O., mkuu wa tarafa, alikuwa hatoi kwa sababu mji ulikuwa umechafuka kwa siasa. Wanawake wakatoka hivyo hivyo. Kwenye kona ya kwanza askari wakawatawanya, na kwa kuwa huwezi kumweka ndani bibi kizee mwenye pembe, wakamchukua bwana harusi. Shemeji yangu akalala rumande siku ya harusi yake, na nikaha ilisomwa kesho yake, kanzu ikiwa bado na vumbi la sakafu ya kituo.

Tangu hapo shemeji akawa mtu wa kuomba ruhusa. Sina maana ya adabu, maana adabu tunayo sote. Huyu alimwomba ruhusa meneja wa fleti alipotaka kualika watu futari. Mama alipofika kutoka Mombasa, shemeji alikwenda kituo cha polisi kuripoti kwamba amepata mgeni, kama vile anaripoti kwa chifu. Askari wa mapokezi akamuuliza kama mgeni huyo amefanya kosa. "La," akasema shemeji, "ni mama mkwe." Askari akampa pole.

Basi mipango ya vugo ilipamba moto. Pembe tulizipata Fort Worth, kwenye duka la vitu vya kikauboi, pembe za ng'ombe wa Texas ndefu kama mikono ya mtu. Fundi mmoja akazikata zikawa za kushikika. Mtoaji wa nyimbo alikuwa bibi mmoja wa Lamu aliyekuwa akiuza nguo na udi Houston, kule Alief. Alimwambia dada yangu kwa simu: "Mimi nitaileta sauti. Nyinyi leteni miguu." Mama akamfanyisha mazoezi kila mwanamke wa pwani aliyekuwa akiishi kati ya Dallas na Fort Worth, sebuleni kwa dada, wakipiga mito ya makochi badala ya pembe ili jirani wa chini asigonge dari.

Wiki ya harusi shemeji akaenda ofisi za mji, bila kumwambia mtu, kuomba kibali.

Nilikuwa pale aliporudi. Aliingia, akavua viatu, akabaki amesimama karibu na mlango.

"Wamekataa," alisema.

"Nani kakataa nini?" dada yangu akauliza.

"Vugo. Nimewaambia tutapita barabarani tukiimba. Wakasema hayo ni maandamano, lazima mtu aombe wiki nyingi kabla. Harusi ni Jumamosi. Hakuna njia."

"Nani alikutuma ukaulize?"

"Sasa tungetoka bila kuuliza? Mke wangu, wewe umesahau?"

Dada yangu hakuwa amesahau.

Mama alikuwa kwenye kochi. Kwa heshima ya ukwe, hakuwa akimwambia mkwewe neno la ukali usoni. Aliligeukia jokofu. "Mimi," aliliambia jokofu, "sikupanda chombo cha angani, nikakaa na kiatu cha mzungu kwenye kiti cha nyuma kikinigonga uti wa mgongo, ili nije kula keki." Akainuka, akaingia chumbani, na tukasikia sanduku likifunguliwa.

Bibi harusi akatoka chumba cha pili, nywele zimefungwa mifuko ya plastiki kwa hina. "Bibi anapaki! Uncle, do something. Si wewe ndiye lawyer?"

Sikuwa wakili, na nilimsahihisha. Nilikuwa msaidizi wa mawakili mwenye cheti cha heshima katika somo la katiba, jambo ambalo watu wachache wa Mombasa waliweza kulisema, na hata sasa si wengi. Lakini swali lilikuwa la haki. Nikamwambia shemeji akae, nikamwomba dada amzuie mama asifunge sanduku, nikachukua gari.

Maktaba ya chuo chetu ilikuwa na sheria za jimbo na sheria ndogo za miji, rafu kwa rafu, na mtu yeyote angeweza kuzifungua. Hilo peke yake lilinipendeza kila nilipoingia. Kwetu sheria niliijua kama kitu kinachokaa kwenye droo ya bwana mkubwa. Hapa ilikuwa wazi, na kiti cha kukalia kilikuwepo.

Nilichokitafuta nilikwisha kujifunza darasani, lakini msomi wa kweli hathubutu kutegemea kumbukumbu. Katiba ya Marekani, katika rekebisho lake la kwanza, inaizuia serikali kuwanyang'anya watu uhuru wa kusema, wa kuabudu, na wa kukusanyika kwa amani. Mahakama zimesema serikali inaweza kupanga saa, mahali na namna, ili magari yapite na wagonjwa walale. Lakini utaratibu huo uwe mmoja kwa wote, na afisa asipewe nafasi ya kukataa kwa sababu tu wimbo haumpendezi. Mwalimu wetu, wakili mstaafu aliyekuja darasani na buti za kikauboi, alizoea kutuuliza mtu anahitaji ruhusa ya nani ili kutembea. Sisi wageni tulikuwa tukitazamana, kila mmoja akimkumbuka mkubwa wa kwao.

Nikaifungua sheria ndogo ya maandamano. Ilikuwa kama nilivyotarajia. Kibali kilitakiwa kwa wanaoichukua barabara na kuzuia magari. Wanaopita kwenye njia ya miguu, wakisimama kwenye taa kama watu wengine, hawakuguswa. Kwa sheria, hao ni watu wanaotembea tu. Kuimba hakukuwabadilisha. Vipaza sauti ndivyo vilivyohitaji ruhusa, na pembe ya ng'ombe si kipaza sauti kwa maana yoyote ya kisheria.

Shemeji alikuwa ameomba ruhusa ya kitu tusichokitaka, akanyimwa, akaja kuzika kitu tunachokitaka. Kosa hilo Mmarekani hawezi kulifanya. Yeye angetoka na ngoma yake mpaka aambiwe asimame. Sisi tulifundishwa kwamba kila kitu kimekatazwa mpaka mkubwa akifungue, na tukaibeba desturi hiyo hadi Texas pamoja na bizari.

Nilirudi nikawaeleza wote sebuleni, nimesimama, kwa mpangilio. Nakiri nilieleza vizuri. Mama alikuwa ametoka chumbani kunisikiliza, leso yake moja tayari imekunjwa mkononi.

"Kwa hiyo kibali hakuna?" aliuliza.

"Hakuna kinachohitajika, mama."

"Na askari wakija?"

"Wakija tutawaeleza."

Shemeji alitikisa kichwa. "Sheria iko kitabuni, shemeji. Askari wako barabarani. Mimi ndiye baba. Wakimtafuta mtu watanichukua mimi, na safari hii si rumande tu, ni kurudishwa Kenya na watoto wangu niwaache hapa."

Hakukuwa na mzaha usoni mwake. Nilimwelewa. Nilikaa karibu naye, nikamweleza pole pole: karatasi zake za ukaazi zilikuwa halali, hakuna kosa analotenda, na hata mgeni asiye raia akiwa kwenye ardhi ile analindwa na rekebisho lile lile, kwa sababu halikuandikwa kwa raia peke yao. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Bila idhini yangu hawatoki."

"Ni kweli," nilimwambia. "Na idhini hiyo ndiyo pekee inayotakiwa mji mzima."

Dada yangu, aliyekuwa akikata vitunguu muda wote huo, akasema bila kuinua kichwa, "Baba watoto, mimi vugo langu sikupigiwa."

Shemeji akainuka. "Basi nitatembea nyuma yao," alisema. "Likitokea jambo niwepo."

Mama akaligeukia jokofu tena. "Mwambieni mkwe wangu Mungu amzidishie."

Jumamosi baada ya alasiri wakatoka. Mama alinung'unika kwamba vugo la mchana ni kama uji wa jioni, lakini nilimwambia usiku wa Texas ni wa majirani, mchana ni wetu. Vijana walitaka kubeba spika. Nikawakatalia na nikawaeleza kifungu. Bibi wa Alief alitangulia, amejifunga leso mbili, akatoa sauti moja ambayo ilimfanya mbwa wa ghorofa ya pili aache kubweka. Wanawake wakapokea. Pembe za Texas zililia vizuri kuliko za nyati, na mama mwenyewe alikubali hilo, ingawa alisema ni kwa sababu ya mpigaji.

Mimi na shemeji tulifuata nyuma. Nilikuwa nimevaa suti na tai. Shemeji alikuwa na kanzu, na mfukoni alikuwa na pasi yake ya kusafiria, kadi ya ukaazi, leseni ya udereva, na cheti chake cha ndoa, jambo ambalo sijalielewa mpaka leo.

Kwenye taa za kwanza, msafara ukasimama. Pale ndipo nilipoona fahari. Wanawake wa pwani wamesimama ukingoni mwa njia kuu ya Arlington, leso zinapepea, wanaimba papo hapo huku macho yote yako kwenye kile kitaa cha mtu anayetembea. Kilipowaka, wakavuka na vigelegele. Mwanamume mmoja ndani ya pikapu alishusha kioo akawapigia honi kwa mdundo wao.

"Umeona?" nilimwambia shemeji.

"Mimi naangalia nyuma," alisema.

Tulikwenda vizuri hadi kwenye duka la matairi. Hapo njia ya miguu ikaisha. Haikupinda wala kuharibika; iliisha tu, kwa sababu aliyeijenga hakufikiria mtu angefika pale bila gari. Bibi wa Alief akainua mkono, wimbo ukatulia. Akanigeukia.

"Mwanasheria! Njia imekwisha. Katiba yako yasemaje?"

Wanawake wakaangua kicheko. Lakini mimi nilikuwa nimejiandaa hata kwa hilo. Sheria ya barabara ya jimbo inasema pasipo na njia ya miguu, mtu atembee upande wa kushoto, aelekee magari yanayokuja. Nikalitangaza hilo kwa sauti. Tukavuka penye taa, tukashika kushoto, tukajipanga safu moja.

"Vugo la safu moja!" mama alilalamika mbele. "Kama siafu!"

"Siafu wenye haki, mama," nikamjibu.

"Nyamaza, unamkatisha bibi."

Hatukwenda mbali kabla gari la polisi halijaingia kwenye maegesho yaliyo mbele yetu, taa zikizunguka. Askari alishuka, kijana mrefu mwenye miwani ya jua. Pembe zikanyamaza moja moja, ya mama ikawa ya mwisho.

"Nani msimamizi hapa?" aliuliza kwa Kiingereza.

Swali hilo sisi tunalijua. Nilinyoosha tai yangu, nikakohoa kidogo kuandaa sauti. Kabla sijainua mguu, shemeji alinipita. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya askari, kanzu ikimgonga miguuni, akasimama.

"Mimi," alisema. "Mimi ni baba wa bibi harusi."

"Bwana, tumepigiwa simu kwamba kuna watu wanaandamana na pembe. Mna kibali?"

Nilikuwa karibu vya kutosha kuuona mkono wake ukiingia mfukoni, ukishika zile karatasi zote. Nilidhani atazitoa. Ukatoka mtupu.

"Hatuna kibali," shemeji alisema. "Na hatukihitaji. Hatuzuii magari. Tunatembea."

"Nani kakwambia hamkihitaji?"

Shemeji akanyoosha kidole nyuma bila kugeuka. "Yule. Ana diploma."

Nikasogea. Nilimweleza askari kwa ufupi wa kitaalamu: hatuna vipaza sauti, tumesimama kwenye kila taa, pasipo na njia tumeshika kushoto kama sheria ya jimbo inavyotaka. Nikamtajia na kifungu. Alinitazama, akaitazama safu ya wanawake, akarudi kwenye gari lake kuzungumza na mkubwa wake kwa redio.

"Anasema nini?" mama aliuliza kwa sauti kubwa.

"Anauliza kibali, mama."

"Mwambieni amwoe bibi harusi yeye basi, kama anataka kuombwa ruhusa."

Wanawake wakacheka, na bibi wa Alief, ambaye hakuwahi kunyamaza kwa muda mrefu kiasi hicho tangu azaliwe, akaanza kugonga pembe yake taratibu, kijiti kikigusa tu. Mwingine akaitikia. Shemeji hakuondoka alipokuwa amesimama. Jasho lilikuwa limemchora mstari mgongoni.

Askari akarudi. "Sawa," alisema. "Hakuna tatizo. Ila muwe waangalifu, magari hapa yanakimbia." Akaiangalia pembe ya mama. "Hiyo ni ya ng'ombe wetu?"

"Ya Fort Worth," nikamwambia.

"Nilijua," alisema kwa furaha ya kweli, na akampa shemeji mkono. "Hongera kwa binti."

Shemeji aliushika mkono ule, akautikisa, akaendelea kuutikisa mpaka askari akalazimika kuuvuta polepole. Kisha akawageukia wanawake na kupiga makofi mawili, kama mwalimu anayefukuza kuku uwanjani. "Haya! Mnangoja nini? Imbeni!"

Wakaimba. Sijawahi kusikia vugo likipigwa vile, si Lamu, si Mombasa. Dada yangu, ambaye kwa desturi alipaswa kubaki nyumbani na bibi harusi, alitokea ubavuni mwetu na gari lake, akaliacha kwenye maegesho ya duka la donati, akaingia safuni na kunyang'anya pembe mkononi mwa mama. Mama akamwachia. Alitembea kando yake akipiga makofi tu, akilia na kuimba kwa pamoja, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Kwa wazazi wa bwana harusi hawakuwa wakitutarajia tena, kwa sababu habari za kukataliwa ziliwafikia na za kukubaliwa hazikuwafikia. Mama wa bwana harusi alifungua mlango na dera la jikoni na unga viganjani, akapiga kigelegele hivyo hivyo, unga ukaturukia usoni. Wanawake wakaingia kwa wimbo, wakajaa sebule, ngazi, na nusu ya maegesho.

Chakula kikaandaliwa. Nikamtafuta shemeji ili aketi mahali pa heshima, sikumwona. Nikachungulia dirishani. Alikuwa nje kwenye nyasi, ambako majirani fulani walikuwa wakichoma nyama, watu asiowajua kabisa. Alikuwa ameshika sahani waliyompa, na kwa mkono mwingine alikuwa akiwaeleza, kwa Kiingereza chake cha Mombasa, rekebisho la kwanza la katiba yao. Wao walikuwa wakiitikia kwa kichwa, kwa heshima, mmoja amesahau nyama yake kwenye moto.

Nilimsikiliza. Alikuwa amechanganya mambo mawili, la vipaza sauti na la upande wa kushoto. Nikafungua dirisha nikamsahihisha.